Asante ya Mjomba

Jua lilikuwa linazama katika mji wa migodi wa Potosí wakati Kanali Melchor Arce aliponituma nikamwite Meja Zenteno.

"Kila aliyekuwa juu ya Zenteno kazikwa," alisema, akicheka na kukohoa. "Kapteni wake, kisha meja wake, ndani ya mwaka mmoja. Nimebaki mimi. Kamwite, Luteni Tordoya, aje aone bado nahema."

Mlinzi wa lango aliniambia meja kaelekea mgodi wa zamani.

"Kwa Mjomba?" nikamuuliza.

Akageuza uso.

Mjomba ndiye pepo mwenye mgodi. Wachimbaji humwekea majani ya koka na pombe ili asiwale.

Niliwasha mshumaa, nikaingia. Baridi. Maji yakidondoka... tone, tone... Kisha harufu ya damu mbichi. Kisha mnong'ono.

Zenteno alikuwa amepiga magoti mbele ya sanamu ya udongo yenye pembe. Pembeni yake lama, mnyama wetu wa mizigo, amepasuliwa, moyo bado unatukutika. Kwenye mabega ya sanamu zilibandikwa alama za vyeo. Za kapteni. Za meja. Za marehemu wale wawili.

"Sasa kanali," alinong'ona. "Leo, Mjomba. Nimechoka kungoja."

Nikakanyaga jiwe.

Aligeuka taratibu, damu mpaka viwikoni.

"Umesikia?"

"Kanali anakuita, afande."

"Hataniita tena." Akachomoa upanga.

Pigo la kwanza liliondoka na sikio langu. La pili nililikinga kwa kiganja. Vidole viwili vikaanguka. Nilimrukia. Tukabingirika juu ya matumbo ya lama, yeye akiniuma, mimi nikipapasa kisu. Nilimchoma shingoni. Nikamchoma tena. Damu yake iliruka, ikamlowesha Mjomba usoni.

Akaacha kupiga mateke.

Ndipo ulimi ukatoka katika ule mdomo wa udongo.

Ukalamba.

"Asante, mpwa wangu."

Nilikimbia mpaka kambini. Mlango wa kanali ulikuwa umefungwa kwa ndani, tuliuvunja. Alikuwa mezani, koo limepasuliwa, wino haujakauka kwenye kalamu.

Nilisema waasi wamewaua wote wawili. Majeraha yangu yakanitetea. Wiki ile nikawa kapteni.

Sikuomba. Sijarudi kule mgodini. Lakini kwa miaka thelathini, kila anayewekwa juu yangu hufa vibaya. Mmoja bunduki yake ilimfumua uso akiisafisha. Mwingine alikutwa chumbani, tumbo wazi. Nami nikapanda, nikapanda, mpaka ukanali.

Mwezi uliopita rais mpya alimpa Crispín ujenerali, na kikosi changu kikawekwa chini yake.

Crispín ni mwanangu. Sina mwingine.

Nimemsihi avue cheo hicho, akacheka. Nikaomba kustaafu, nitoke chini yake kabla hayajamfika. Jibu limeletwa leo, kwa mwandiko wake mwenyewe:

"Hapana, baba. Nani mwingine atanilinda?"