Herufi Zilizoliwa na Simu

Wasichana mnaokata simu kwa kununa, na wavulana mnaotuma ujumbe bila kuusoma, hii ni yenu.

Binti mmoja wa chuo cha ufundi aliingia duka la vipuri vya redio, siku ya msongamano, kavaa gauni la njano na raba nyeupe. Mkono wake ukashika kitufe chekundu, cha mwisho dukani. Mkono mwingine ukakishika pia. Ulikuwa wa kijana mwenye shati lililotobolewa na cheche za kulehemu.

"Dada, niachie. Nina mradi wa mwaka wa mwisho."

"Na mimi nimefuata pipi? Mradi gani?"

"Mashine ya mchezo. Taa inawaka, unapiga kitufe chake kabla haijazimika. Ukishinda, mota inapiga kengele."

"Programu yake nani anaandika?"

Kijana akajikuna kichwa. Basi, kitufe kikawa cha wote wawili.

Miezi mitatu walishinda kwenye karakana ya chuo chao. Binti aliandika programu, kijana akaunganisha nyaya ndani ya sanduku la mbao. Wakapendana, wakaitana Fundi na Bosi. Mama yake binti aliona jinsi mwanawe anavyoichekea simu, akakaa roho juu.

Asubuhi ya kuonyesha mradi, ujumbe ukaingia: "Bosi, nimefikiria sana. Leo tuachane tu. Huku kushikana kutatuunguza."

Binti akaketi kitandani na kiatu kimoja mguuni. Simu ikaita, akaikata. Ikaita mara nane.

"Pokea, mwanangu," mama akasema.

"Sina la kuongea naye."

"Hata la kumtukana? Basi nenda chuoni. Cheti ni chako, si chake."

Alimkuta Fundi kapiga magoti mbele ya sanduku, jasho linamtiririka. Kila mota ilipozunguka, taa zote zilizimika.

"Afadhali umekuja. Mbona hupokei?"

"Si umeniacha kwa maandishi?"

"Nani, mimi?"

"Soma."

Akasoma. Akasoma tena, akashika kichwa. "Niliandika tuachanishe, Bosi. Waya wa mota na wa taa, kila mmoja na betri yake. Simu imejifanya inajua kuliko mimi."

"Na kuungua?"

"Nyaya zikishikana si zinaungua, mpenzi?"

Binti alitaka kununa, kicheko kikamponyoka. Zilibaki dakika kumi na tano. Akashika koleo, wakaachanisha.

Mhadhiri akatupia tai begani, akapiga vitufe kama anaua mbu. Kengele ikalia. "Mara moja tena," akasema. Alicheza mara sita, wenzake wamepanga foleni nyuma yake.

Nje, Fundi alimshika mkono. "Nimekaribia kukupoteza kwa neno."

"Na mimi kwa kiburi."

"Basi nakuuliza kwa mdomo. Nikuoe?"

"Rudia, sijasikia."

"Umesikia wewe. Nikuoe?"

"Njoo nyumbani na wakubwa zako. Mama atakuhoji mpaka ukome."

Wakampigia palepale. Mama aliipokea simu kabla haijamaliza kuita mara ya kwanza.