Mgeni Aliyetajwa Jina

Chetezo kilikuwa baridi, kina majivu ya jana, lakini uani kwa Biubwa kulikuwa kunanukia udi. Biubwa alikiinua kwa mikono miwili, akakinusa kama mtu anayenusa maziwa asiyoyaamini, akakirudisha chini. Ilikuwa adhuhuri imepita kidogo. Bagamoyo yote ilikuwa imejilaza, kuku wamejibanza kivulini, na hapakuwa na jirani mwenye wazimu wa kufukiza udi wa thamani katika jua kali namna ile.

"Tatu!" aliita. "Umefukiza wewe?"

"Sijafukiza, mama," bintiye alijibu kutoka chumbani. "Si huyo mgeni."

"Mgeni gani?"

Biubwa alisonya, akaenda zake kutia maji mtungini. Mwari aliyekwisha kuposwa husema mengi yasiyo na kichwa wala miguu, na mama mwenye kazi zake hana nafasi ya kuyafuata yote.

Kisa chenyewe kililetwa na redio. Au tuseme kweli, kililetwa na mdomo wa Biubwa baada ya redio kunyamaza. Miaka ile, Azimio la Arusha likiwa bado changa, redio ilikuwa na mchezo wake wa kila wiki uitwao Chumba cha Uani, habari za nyumba moja kongwe na majini yake. Wanawake wa mtaa walikuja kuusikiliza kwa Biubwa, kwa sababu redio ilikuwa kwake, ameachiwa na marehemu mumewe, Rajabu. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake aipendayo. Dija wa nyumba ya pili alipenda ile ya mpishi aliyepika biriani ya arusi nzima, asijue kwamba walaji wake hawana vivuli. Wengine walipenda ile ya mtoto aliyekuwa akicheka na ukuta. Lakini wote walikubaliana kwamba hapakuwa na sehemu ya kufanana na ile ya bi arusi na kiti cheupe, pale Mgeni anapoingia na mitalawanda yake ya mti miguuni, ko, ko, ko, na mama mtu anamwambia, "Karibu, kiti chako hiki," asijue anamwambia nani.

Mchezo ulipokwisha, redio ikaweka mahali pake mazungumzo ya mbolea. Wanawake walinuna wiki nzima. Ndipo Biubwa alipoanza kuwasimulia upya zile sehemu walizozipenda.

Alikuwa na kipawa, hilo halina ubishi. Sauti ya kizee, ya mtoto, ya mlango wenye bawaba mbovu, zote alikuwa nazo. Wanawake walileta miyaa yao kila alasiri, mikono ikasuka ukili na masikio yakawa kwake, na sifa zikamlevya. Akaanza kunogesha. Siku moja akaweka chetezo, na kweli kikafuka. Siku nyingine akamketisha Tatu kwenye kigoda na kumfunika kitambaa cheupe awe bi arusi, na Tatu, aliyekuwa akingoja arusi yake mwenyewe na Sharifu wa Mlingotini, akacheka akakubali. Kisha ikaja alasiri ambayo Dija alisema, "Lakini shoga, huyu bwana hana jina? Mgeni, Mgeni, kama karani aliyekuja kuhesabu watu!"

Uani wote ukaangua kicheko. Biubwa hakutaka kuonekana amekwama, akampa Mgeni jina.

Wala hakulitunga. Lilikuwa jina la ruhani wa bibi yake, Mwanajuma binti Ausi, ambaye ujana wake wote alikuwa kiti cha ruhani huyo, yaani mtu anayepandwa naye, akimtolea chano, sinia la mti la vyakula vyake, na kumpigia ngoma yake. Bibi alipokufa, mama yake Biubwa alikataa kumrithi. Alikitia chano darini, akasema mambo hayo nyumbani kwake yamekwisha, na jina lile halikutajwa tena. Hapa pia halitatajwa, aliyelitaja yamemtosha.

Siku hiyo Biubwa alikiteremsha chano kutoka darini, akakipanga kama alivyoona utotoni: halwa, mayai, ndizi, na kikombe cha marashi. Udi ulifuka. Tatu alikuwa amekaa kimya chini ya kitambaa cheupe. Biubwa aliliita lile jina kwa sauti ya bibi yake, akarudia, akarudia tena, kisha akasema, "Karibu. Kiti chako hiki." Wanawake walipiga ukelele wa hofu na raha. Na mchezo ulipokwisha walikisogelea chano, wakaila halwa yote, na Dija akalamba vidole.

Sasa, mtoto wa pwani anajua, hata kama ameamua kusahau. Ruhani akiitwa kwa jina lake, akatandikiwa chakula chake, akaonyeshwa pa kukaa, huyo amealikwa. Na aliyealikwa akaliwa chakula chake mbele ya macho yake, huyo ametukanwa.

Harufu ya udi ilianza kesho yake. Siku iliyofuata Dija aliamka ulimi umemvimba hadi ukashindwa kurudi nyuma ya meno, akawa anazungumza kwa mikono. Wenzake wengine waliokula walitapika kitu cheusi kinachonukia waridi. Kufika Ijumaa uani palikuwa patupu, na Biubwa alikaa peke yake na miyaa yake, akijiambia kwamba halwa ilikuwa ya zamani, muuzaji hana haya.

Hapo ndipo alipoisikia mitalawanda. Ko, ko, ko, juu ya sakafu ya chumba cha Tatu, taratibu, hatua za mtu asiye na haraka kwa kuwa yuko kwake. Zilipita dirishani, zikarudi, zikasimama. Biubwa aliinuka. Mlango wa chumba ulikuwa umeegeshwa tu, na kwa upenyo ule alimwona mwanawe amekaa kwenye kigoda, mgongo umenyooka, kitambaa cheupe kichwani, na hakuna mtu mwingine, lakini kitanda cha kamba kando yake kilikuwa kimebonyea katikati, kamba zikilia, kana kwamba kuna mzito anayejiweka sawa, na kutoka kinywani mwa Tatu ilitoka sauti ambayo Biubwa aliijua vizuri kuliko mtu yeyote duniani, kwa sababu ni yeye aliyeitengeneza kooni mwake alasiri baada ya alasiri ili kuwafurahisha wanawake, sauti ya Mgeni, nzito, ya upole, ikimwambia, "Ingia, mama mkwe. Mbona unachungulia nyumba yako?"

Biubwa alikimbia hadi barabarani bila ya kanga ya kichwa. Hakuona haya. Alikuwa anaogopa, na hofu yake yote ilikuwa ya mtoto mmoja, kwani wa pili hakuwa naye.

Tangu siku hiyo Tatu hakula ila alichowekewa ndani ya chano, na hata hicho alikidonoa tu. Mifupa ya shingo ikamtoka. Nguo za arusi alizoleta mjomba wake Sadallah kutoka kwa Sharifu zilikutwa ndani ya sanduku zimelowa na kuota ukungu, ingawa sanduku lilikuwa kavu. Sadallah alitaka kuivunja posa. Dija, ulimi bado nje, ndiye aliyemshika Biubwa mkono na kumwelekeza upande wa Kerege, na Biubwa akaelewa: kwa fundi Mwinyimvua, mpunga pepo.

Mwinyimvua alikuja na ngoma zake alasiri. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, hana maneno mengi, na alipoambiwa habari ya halwa alishika kichwa.

"Mmekula nyinyi?"

"Tumekula, fundi."

"Mkicheka?"

Biubwa aliinamisha uso.

Ngoma ilipigwa mpaka jua likageuka jekundu ukutani. Tatu alitikisika mabega, kisha akatulia ghafla, na macho yake yakawa ya mtu mzima.

"Asalaam aleikum," ilisema ile sauti.

"Waaleikum salaam," Mwinyimvua alijibu. "Wataka nini, bwana?"

"Sitaki. Nimepewa. Nimeitwa kwa jina langu, nimetandikiwa, nimeonyeshwa kiti, nimekaa. Wamekula changu wakacheka. Na mimi nakula changu, polepole."

"Tutakuchinjia mbuzi. Tutakupa halwa nyingine, mpya."

"Ileni wenyewe. Huyu ni mke wangu. Wa Mlingotini akija kumchukua, aje na sanda."

Mwinyimvua alimvuta Biubwa pembeni, akamnong'oneza, "Mama, sikufichi. Ruhani wa ukoo hafukuzwi akarandaranda kama mbwa. Huyu huhama kiti. Atoke kwa binti, aende kwa mwingine wa damu ile ile."

"Kwangu."

"Usifanye haraka. Na neno lolote utakalompa, umempa. Mimi sina dawa ya kulirudisha."

Biubwa hakuwa shujaa. Angependa mtu mwingine yeyote awe mama wa Tatu kwa muda ule mdogo. Lakini alikwenda akapiga magoti mbele ya kigoda.

"Hama," alisema. "Mwache mtoto, uje kwangu."

Uso wa Tatu ulimtazama juu mpaka chini, kisha ukacheka. "Wewe umechakaa, Biubwa. Una nini cha kunifaa?" Macho yakasita midomoni mwake. "Mdomo. Mdomo wako mtamu sana. Nipe huo."

"Uchukue!"

"Mama!" Mwinyimvua alipaza sauti. "Muulize kwanza anautakia nini!"

Neno lilikwisha toka. Tatu aliporomoka kutoka kwenye kigoda kama nguo iliyoanguka kambani, akalia kwa sauti yake mwenyewe, akaomba maji.

Dija alipona ulimi usiku ule, na asubuhi alikuwa akisimulia mtaa mzima. Tatu alikula uji, kesho yake wali, kesho kutwa alimgombeza kuku. Biubwa alijipima mwenyewe kwa hofu. Alisalimu majirani, sauti ilikuwa yake. Alibishana na muuza samaki, sauti ilikuwa yake. Alianza kuamini kwamba ruhani amekwenda zake.

Kisha alifungua kinywa kumwita mwanawe chakulani, na ulimi ukamwia mzito, haumtii, na kutoka chini kifuani kitu kilianza kupanda, cha kiume, cha upole, bila haraka. Alifumba mdomo hadi meno yakagongana. Alijaribu tena baadaye, akiwa na Dija, kutaja tu jina la Tatu. Kitu kilipanda vile vile. Akaelewa sasa ni nini alichokitoa. Kwa watu wote mdomo ulikuwa wake. Kwa Tatu, na kwa kila neno linalomhusu Tatu, ulikuwa wa yule ruhani.

Kwa hiyo alinyamaza. Alimtengea chakula kimya, alimsuka nywele kimya, alimsinga manukato kimya, na Tatu alimwangalia kwa macho ya kuuliza na kuomba.

"Mama, nimekukosea nini?" aliuliza siku moja, kwa sauti ndogo. "Ni ile aibu niliyokutia nilipopandwa?"

Biubwa alitikisa kichwa, lakini kutikisa kichwa ni kitu kidogo.

Arusi ilifungwa. Asubuhi ya kuondoka, gari la Sharifu likingoja nje na vigelegele vimepamba moto, Tatu aliingia chumbani kwa mama yake, amepambwa, hina bado inanukia, akapiga magoti kama wanavyopiga mabinti wote wa pwani siku hiyo.

"Mama, nakwenda. Naomba radhi zako."

Maneno ya kujibu Biubwa alikuwa nayo tangu siku alipomzaa. Radhi, mwanangu, radhi duniani na akhera. Yalijaa moyoni, yakamfika shingoni, na hapo yakakutana na yule mwingine aliyekuwa akipanda, na mdomo ukafunguka wenyewe, na ile sauti ikasema, "Sina r—"

Biubwa alijitia upindo wa kanga kinywani. Aliusukuma kwa vidole hadi kooni, akauma, damu ikaonekana kwenye kitambaa, na wanawake waliojaa mlangoni wakasema maskini, uchungu wa mama, na Dija akamshika bega akisema, "Shoga, mwambie neno moja tu, mtoto asiondoke hivi," na yeye akatikisa kichwa, akauma zaidi, huku mkono wake wa kulia, ambao haukuwa umeahidiwa kwa mtu, ukikaa juu ya kichwa cha mwanawe na kukipapasa, kukipapasa, mpaka alipohisi kanga inaanza kulegea baina ya meno, mdomo ukitaka kufunguka tena. Ndipo alipomsukuma. Alimsukuma Tatu kwa mikono miwili, akamtoa mlangoni mbele ya watu, akaufunga mlango.

Alimsikia akilia njia nzima hadi garini. "Mama hana radhi nami," alikuwa akisema. "Mama yangu hana radhi nami." Gari liliondoka kuelekea Mlingotini, vigelegele vikapungua, wanawake wakatawanyika wakinong'ona.

Biubwa aliitoa kanga kinywani. Aliketi sakafuni, na mdomo wake ukafunguka taratibu.

"Leo umeniweza," ulisema, kwa ile sauti ya upole. "Lakini fungate itakwisha. Atakuja kukusalimu, akuulize kosa lake. Mtoto mwema hakai na kinyongo cha mama yake. Nitakuwepo."

Kwa moyo tu, mahali pekee palipokuwa pamebaki pake, Biubwa alianza kumwomba Mungu amtie mwanawe ugumu: amchukie, amseme vibaya kwa wakwe, amsahau, asikanyage tena mlango huu hadi siku ya kuja kumzika. Aliomba mpaka adhana ya adhuhuri, machozi yakimtoka, akijua kwamba alimlea vizuri mno.