Mgeni Aliyekubali Chakula

Mwero alikuwa amesahau nyundo. Hema alikuwa nalo. Taa ya chemni alikuwa nayo, na redio ya betri aliyoazima kwa shemeji yake, hata kofia pana ya kukingia jua ambalo tayari lilikuwa linazama. Nyundo, hakuna. Basi magharibi ile akawa anapigilia vigingi vya hema kwa mchi wa kutwangia pilipili, na mkewe Mbeyu anacheka mpaka anajishika tumbo. Nalo lilikuwa tumbo la kushikwa kweli: miezi saba, mimba ya kwanza baada ya miaka sita ya kungoja.

"Mwero wee, hilo ni hema au chandarua kilicholewa?"

"Cheka tu, mama. Hapa palikuwa pa Wazungu watupu. Leo karani wa Kwale analala hapa kwa kibali chenye muhuri!"

Ulikuwa mwaka wa pili wa Uhuru. Kambi ile ya serikali, kwenye msitu mdogo kando ya bahari kusini ya Gazi, ilikuwa imefunguliwa kwa wananchi wote, na wananchi wote walikuwa wamejikalia majumbani mwao. Mama mkwe wa Mwero, Mwanapili, alipoambiwa watoto wanakwenda kulala ndani ya turubai, aliuliza jambo moja tu: "Kwani nyumba yenu imeungua?"

Lakini Mwero alikuwa na lake moyoni. Alipokuwa na miaka tisa alikimbizwa na mbwa wa Wazungu pale pale kambini kwa kosa la kuokota matunda ya kungu. Mwanawe, aliapa, atalala hapo hata kabla hajazaliwa.

Mlinzi wa kambi, mzee Jefwa, alikitazama kibali, akautazama muhuri, kisha akalitazama tumbo la Mbeyu. Hilo alilitazama zaidi.

"Wakati wa kula," alisema, "ingieni ndani mfunge hema."

"Kwa sababu ya tumbili?"

"Tumbili pia," akasema Jefwa, akaenda zake.

Nani ale ndani ya turubai kwenye joto lile? Mbeyu alitandika mkeka mchangani, akapakua wali wa nazi na changu wa kukaanga. Redio ikaimba taarabu. Mwero akafanya tonge la kwanza.

Redio ikakoroma. Ikanyamaza.

Chwa... chwa... chwa...

Sauti ya nguo mbichi ikipiga miguuni. Kwenye njia itokayo miambani alitokea mama mmoja amejitanda kaniki, imelowa chapachapa mpaka kifuani. Alikuja taratibu, uso ameuelekeza mbele, kama mtu anayepita tu. Akafika usawa wa mkeka. Akawa anapita.

Sasa, mtu wa Pwani hafundishwi neno hili. Hulinyonya pamoja na maziwa. Chakula kiko mbele yako, mtu anapita: humuulizi jina, humpimi sura. Mdomo hujisemea wenyewe.

"Karibu, mama," akasema Mwero. "Karibu tule."

Mama akasimama.

Akakaa.

Hakunawa. Alinyoosha mkono kwenye sinia, na Mbeyu, kwa adabu, akamsogezea upande wenye samaki. Ikaja harufu ya marashi ya mawaridi, na chini yake harufu nyingine... ya tope la mikoko. Mama alikula tonge, tonge, tonge. Wali haukupungua. Nguo yake ilikuwa inachuruzika maji, na mchanga aliokalia ulikuwa mkavu.

Mwero alilirudisha tonge lake kwenye sinia.

"Miaka mingi mno," mama alinong'ona. "Wanakula, napita. Wanakula, napita. Hakuna aliyefungua kinywa."

Akamgeukia Mbeyu. Kwa kidole kimoja kilichokunjamana kama cha mtu aliyeshinda majini, akamwonyesha yeye, kisha tumbo lake.

"Nimekula kwenu. Kesho magharibi mtakula kwangu. Wewe na huyo."

Mtoto akaruka tumboni. Mbeyu, binti aliyelelewa akaleleka, alijibu kabla hofu haijamfika.

"Inshallah, mama."

Mama akainuka. Chwa... chwa... mpaka miambani, kwenye pango ambalo watu huacha chupa za marashi na vitambaa vyekundu. Hakutoka tena.

Jefwa alikuja mbio na kandili. Kwenye wali aliona alama za vidole vya watu wawili, na kando ya sinia mahali palipokaliwa na watu watatu. Akapiga magoti.

"Mmemkaribisha?"

"Ni nani yule?"

"Sijui. Baba yangu hakujua. Miaka kumi na tisa nalinda hapa. Wazungu walimwona kila siku. Walimtazama, wakaendelea kutafuna. Wale hawamwiti mtu kwenye sahani zao, bwana, ndiyo maana walilala salama. Lakini sisi..."

"Nalirudisha neno langu!"

"Karibu hairudishwi. Mgeni ameshashiba."

Usiku ule ule lori la mbata liliwapandisha hadi Kwale. Hema waliliacha kambini, pamoja na fahari yote ya karani. Siku ya pili Mwero alimpeleka mkewe kwa mama yake Mwanapili, akaleta maalimu asome Yasini na wanawake kumi wamzunguke. Alipigilia misumari kwenye dirisha, safari hii kwa nyundo. Mbeyu peke yake ndiye aliyekuwa mtulivu. Alasiri alioga, akavaa leso mpya, akakaa jikoni kupika mkate wa kumimina.

"Wa nani huo?" Mwero aliuliza.

"Mtu haendi ugenini mikono mitupu, mume wangu."

"Huendi popote."

"Siendi," alisema kwa upole, akaugeuza mkate.

Jua lilipoegemea kilima walimweka katikati. Wanawake wakashikana mikono na Mbeyu, Mwero akaushika mkono wake wa kulia kwa nguvu zake zote. Maalimu akasoma. Msikitini adhana ikaanza.

Taa ikazimika.

Marashi.

"Usimwachie!" Mwanapili alipiga kelele gizani.

"Nimemshika!" akajibu Mwero. "Nimemshika, wallahi!"

"Na mimi nimemshika!"

"Na mimi!"

Mtu akawasha kiberiti. Duara lilikuwa limefungika vizuri kabisa, wote wameshikana, na katikati hapakuwa na mtu. Misumari ilikuwa mahali pake. Mkono ambao Mwero aliung'ang'ania mpaka kucha zake zikauingia ulikuwa wa mama mkwe wake. Siku nyingine mji mzima ungekufa kwa kicheko. Mwanapili aliutazama mkono wake unaotoka damu, kisha akamtazama Mwero. Hakulia. Tangu hapo hakusema naye tena.

Alfajiri Jefwa aliikuta sahani ya mkate wa kumimina mdomoni mwa pango. Imeoshwa. Na kwa kuwa sahani ya watu hairudishwi tupu, ilikuwa na wali wa nazi na kipande cha changu.

Wali ulikuwa bado unatoa moshi.

Walitafuta pangoni kwa tochi na kamba. Hatua ishirini, kisha ukuta wa mwamba.

Mwero aliacha kazi. Alirudi kambini, akapiga hema mahali pale pale, na kila magharibi alipika, akatandika mkeka, akangoja kwenye njia itokayo miambani. Walipita tumbili. Walipita kaa. Ikapita miezi minane.

Kisha jioni moja... chwa... chwa... chwa...

Alimjua kwa mwendo kabla ya uso. Leso ile ile, imelowa chapachapa. Mgongoni amembeba mtoto, na mtoto ana macho yaliyo wazi.

Mwero akapiga magoti. Machozi yalimtoka mpaka kwenye sinia.

"Karibu, Mbeyu. Karibu tule, mke wangu. Karibu."

Mbeyu akasimama. Alitabasamu, tabasamu la heshima ambalo mtu humpa mgeni asiyemjua njiani. Mtoto akanyoosha mkono mdogo kuelekea kwenye wali. Mama yake aliushika, akaurudisha taratibu ndani ya leso.

"Ahsante, kaka," alisema. "Starehe. Sisi tumekula kwetu."

Akapita.