Tunda Lililozikwa kwa Jina la Akello

Shangazi yangu Susana alinisimulia jambo hili akichambua mchele, kwa sauti ile ile anayoitumia kueleza bei ya sabuni. Nalipanga hapa kwa mfuatano alioufuata yeye. Sikuongeza kitu, isipokuwa kile nilichokiona mwenyewe mwishoni.

Ulikuwa mwaka wa mvua kubwa za El Niño. Dhahabu ilikuwa imewavuta watu kutoka kila upande, na mashamba ya mihogo ya kijiji chetu, kusini mwa mji wa Tarime, yalikuwa yamegeuka mashimo. Shimo la kuchimbia huitwa duara. Kila duara lilikuwa na wanaume wake, na wanaume hao vifua vyao vilijaa vumbi la mawe. Kwa ajili yao shirika moja la kanisa lilimleta Akello, muuguzi wa kujitolea kutoka Lira, kaskazini mwa Uganda. Alipangiwa kuishi kwa shangazi na mumewe, Mzee Obonyo. Kwa kuwa Kilango chake na Kijaluo chetu vinakaribiana, haukupita muda mrefu kabla hajaacha kuitwa mgeni. Alimwita shangazi mama, naye akaitwa nyathina, yaani mwanangu.

Wachimbaji walipenda kumtania.

"Sista, Kiswahili hicho ulikinunua wapi?"

"Sirari, pale mpakani," alijibu huku akifunga jeraha. "Kile kizuri kilikuwa kimekwisha. Tulia, usije ukalia mbele ya wenzako."

Siku yenyewe ilianza kwa kawaida. Shangazi alichemsha mihogo. Akello alikunywa chai, akavaa koti lake la mvua la njano, akaenda machimboni. Kabla ya adhuhuri duara moja lilititia na kuwafunika waliokuwamo. Kwenye nguzo ya kuteremshia kamba lilikutwa koti la njano, limetundikwa kama alivyozoea kulitundika kila aliposhuka kumhudumia mtu.

Walichimba hadi maji yalipowazidi. Miili ya wanaume ilipatikana. Wa Akello haukupatikana. Barabara zilikuwa zimekatika, simu haikuwapo kijijini, na hapakuwa na namna ya kuwafikia wazazi wake. Mzee Obonyo akasema mtoto hawezi kuachwa nje. Kwetu, mwili usipopatikana, huzikwa badala yake tunda la yago, tunda refu na zito linaloning'inia mtini kama mguu wa mtu. Walilifunga kwa kanga ya Akello, wakalilaza kaburini karibu na ua, mahali pa binti asiyeolewa. Waliliita kwa jina lake. Walilia kilio kizima. Elkana, mdogo wake Obonyo na mwinjilisti wa kanisa letu, aliongoza sala. Hakuna kilichopunguzwa.

Maji yalipopungua, Akello akarudi.

Alikuja kwa miguu, mchana kweupe, matope yakiwa yamemfika magotini. Alieleza kwamba asubuhi ile hakushuka shimoni. Kulikuwa na mchimbaji aliyepondwa mguu na jiwe, akitaka kupelekwa kwao Natta. Lori lilikuwa linaondoka, akapanda naye na kulisahau koti. Kisha madaraja yakachukuliwa na mafuriko. Baadaye Elkana alisafiri hadi Natta kuhakikisha. Alimkuta majeruhi yule. Kila neno lilikuwa kweli.

Mzee Obonyo alimzuia langoni.

"Ngoja hapo hapo, nyathina. Tuchimbue kwanza."

"Mchimbue nini, baba?"

Desturi ni hiyo: aliyezikwa akirudi, tunda hutolewa kabla hajavuka lango. Lakini Elkana alipandwa na hasira. Mtoto amechoka, amelowa, mnamsimamisha nje kwa sababu ya tunda?

"Tunda hilo hilo ulilisomea Zaburi," Obonyo akamwambia.

Elkana alimshika Akello mkono, akamwingiza. Alipouachia, alijifuta kiganja kwenye suruali.

Ilianza kwa mambo madogo. Akello alikula mboga isiyo na chumvi bila kugundua. Aliinua sufuria motoni kwa mikono mitupu; ngozi ikababuka, naye akaendelea na mazungumzo. Shangazi alidhani ni zebaki, ile dawa ya kukamatia dhahabu, ambayo huharibu mishipa ya fahamu. Hata hivyo mbwa wa boma hakuinua tena kichwa Akello alipopita. Machimboni utani ulikwisha. Wanaume wazima walifumba macho alipowagusa.

Muda wake wa kujitolea ulipokaribia kwisha, alimfuata shangazi jikoni.

"Mama, nazikumbuka sura za watu wa nyumbani. Ila siwatamani. Nitamwangalia mama yangu hivi hivi?"

Shangazi akaamua tunda lichimbuliwe kabla Akello hajaondoka. Siku gari la shirika lilipotarajiwa kumchukua, asubuhi, Obonyo alishika jembe. Hata Elkana alichukua sepetu. Akello aliketi kwenye kigoda kando ya kaburi.

Udongo wa juu ulikuwa na maji. Uliofuata ulikuwa mkavu. Uliofuata ulikuwa na joto.

Kanga ilionekana. Fundo lilikuwa lile lile.

Kanga ilipanda. Ikashuka. Ikapanda.

"Mama," ikasema sauti kutoka chini.

Ilikuwa sauti ya Akello. Shangazi aligeuka. Akello alikuwa kwenye kigoda, midomo imefumbwa.

"Mama, nina njaa. Nataka nyumbani."

Elkana alitoka shimoni kwa magoti. Obonyo alisimama tu, jembe likiwa limemponyoka. Shangazi alipiga magoti, akanyoosha mkono kulifikia fundo. Nyuma yake akasikia mnong'ono.

"Fukieni."

"Nyathina, ni wewe huyu."

"Najua, mama. Fukieni tu. Sina shida naye."

Shangazi aliurudisha mkono. Hakunieleza sababu, nami sikumuuliza. Elkana ndiye aliyetupa udongo wa kwanza. Sauti ile iliendelea kuita hadi udongo ulipotosha. Kisha honi ikalia barabarani.

Akello aliwaaga mmoja mmoja, kwa adabu, kwa kufuata umri. Alifika kwao salama. Wanaomfahamu husema bado ni muuguzi, hodari sana, na hajawahi kuomba likizo.

Mimi nilikwenda kwa shangazi mwaka jana, mwezi Julai, wakati wa baridi. Kuku wake hawatagi bandani. Hutaga juu ya kaburi lile karibu na ua, kisha huondoka kwenda kutafuta chakula, wala hawarudi kuatamia. Niliyahesabu makaka ya mayai pale, yaliyopasuka kutoka ndani. Kando yake vifaranga walikuwa wakitembea, wakavu, wazima, na hakuna mama aliyewaita.