Kiko Mdomoni mwa Marehemu

Maiti ilikuwa imekaa kitini, kiko mdomoni, mbele ya pazia jeupe la kuonyeshea filamu.

Inspekta alivaa glavu, akakichomoa kile kiko taratibu. Tumbaku ilikuwa imeungua nusu. Kaa moja lilikuwa limeanguka kwenye zulia, likala duara dogo, likazimika.

"Ni nani huyu?" aliuliza.

"Bwana Kiko," koplo alijibu. "Yule mwigizaji wa mpelelezi kwenye filamu za zamani. Wiki ijayo angepewa tuzo."

Daktari wa polisi alifunua kope za marehemu. "Madoadoa ya damu machoni. Nyuzi za mto puani. Huyu kazibwa pumzi."

"Kwa hiyo kiko alitiwa akiwa ameshakufa."

"Tena nyumba ilikusudiwa iungue naye."

Inspekta alikigeuza kiko. Kiko hakiwaki chenyewe. Lazima mtu avute. Kwenye shina palikuwa na alama mbichi za meno, katikati pengo. Meno ya bandia ya marehemu yalikuwa ndani ya glasi, mezani.

Binti wa marehemu alikuwa jikoni.

"Baba yako alianza kuvuta lini?"

"Hakuvuta kamwe, afande. Alikuwa na pumu."

"Mbona kwenye filamu anavuta?"

"Uso ni wa baba. Kamera ikisogea kwenye kiko, ule mkono, ule mdomo..." Nyayo zilisimama nyuma ya mlango. Binti akanong'ona, "Ni wa baba mdogo. Tafadhali usimwambie nimesema. Tunaishi naye humu."

Mlango ulifunguka. Mzee mwembamba aliingia, akatabasamu bila kufumbua midomo.

"Inspekta angependa kuona kazi ya kaka yangu?"

Inspekta alimkonyeza koplo abaki na binti, akamfuata mzee hadi chumba cha filamu.

Maiti ilikuwa imeshaondolewa. Mzee alifunga mapazia ya madirisha, chumba kikawa giza. Mashine ikaanza kunguruma. Kwenye pazia jeupe lilitokea taya kubwa, moshi, meno yakiuma shina. Jino moja la chini halikuwepo.

Pumzi yenye harufu ya tumbaku ilimgusa Inspekta kisogoni.

"Pengo hilo ni la nani, mzee?" Inspekta aliuliza bila kugeuka.

"Langu."

Mkono mkavu ukatua begani kwake.

"Watu waliupenda mkono huu," mzee alisema kwa upole. "Nilimwomba anitaje siku ya tuzo. Aseme tu, 'Na ndugu yangu.' Alicheka tukiwa mezani sote watatu. 'Nani anapigia mkono makofi?' Alipolala kitini, nikachukua mto."

"Na kiko?"

"Nilikiwasha mimi. Nilitaka waseme kiko ndicho kilichomuua."

"Binti alikuwa amelala chumba cha pili. Hukujua?"

"Nilijua."

Inspekta aliukamata ule mkono, akaukunja mgongoni kwa mzee. "Koplo!"

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo, mwanga ukamwagika ndani. Pingu zikalia. Nyuma ya koplo alisimama binti, mkono kinywani. Alikuwa amesikia.

"Ningeungua, baba mdogo," alisema. "Mimi nilikukosea nini?"

Mzee alimtazama bila hasira.

"Na wewe ulicheka."