Filamu Isiyo na Bunduki

Kibanda cha Darius pale mtaa wa Ndosho kilijaa watu, kama kawaida ya Jumamosi. Huyu anataka tamthilia ya mapenzi, yule anataka ngumi za Kichina, na kila mmoja anataka ahudumiwe wa kwanza. Kazi ya Darius ilikuwa kuwawekea filamu kwenye fulashi na kadi za simu, na mtaa mzima ulimwamini. Akikwambia filamu hii haifai, usipoteze chaji yako.

Ndipo akaingia msichana mrefu, kitenge cha rangi ya haradali kimemkaa kiunoni barabara, ndala zake nyeusi kwa vumbi la volkeno. Akanyoosha simu yenye kioo kilichopasuka.

"Kaka, uko na filme yenye haina bunduki?"

Wanaume walioegemea ukuta wakaangua kicheko. "Dada, iyo itakuwa filme ya kanisa!"

Darius hakucheka. "Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Tulikimbia Masisi, tuko ku kambi ya Kanyaruchinya. Bunduki nilishasikia za kunitosha. Nataka kuona bantu banapika, banapendana, banagombana juu ya shamba."

"Jina?"

"Ya filme?"

"Yako."

"Léocadie," akasema, na tabasamu likamtoroka kabla hajalizuia.

Basi, kijana wa watu akaisha palepale.

Sasa jaribu wewe kutafuta filamu nzuri isiyo na bunduki! Darius alitazama hadi macho yakawa mekundu. Nyingi zisizo na bunduki zilikuwa baridi kama ugali wa jana, na zile tamu zote zilikuwa na dakika kumi za risasi katikati. Hatimaye akapata moja ya muoka mikate na mwalimu wa shule, filamu ya kumliza mtu na kumchekesha. Nayo ilikuwa na askari na dakika zao za risasi. Darius akakaa kwenye kompyuta yake, akazikata zile dakika, akaunganisha kilichobaki. Aliona anatenda wema. Akaendelea hivyo kwa filamu ya pili na ya tatu, na kila Jumamosi Léocadie akawa anakuja, amesuka nywele upya, akikaa muda mrefu kuliko kadi ilivyohitaji.

Siku za kazi walipigiana simu.

"Allô, Darius? Uyu muoka mikate alikuwa muzima, sasa namuona iko na bandeji ku mukono. Aliumia wapi?"

"Aah... alianguka ku ngazi."

"Ngazi gani? Nyumba yao haina étage, ni ya chini tu!"

"Ngazi ya jirani, chérie."

"Na mama yake? Alibaki mu muji, kisha namuona ku ndoa."

"Alikuya na bisi ya abiria."

Léocadie akacheka sana, halafu akasema: "Mi ule mwanaume simupendi. Anakimbia, anaacha mama yake ajitafutie bisi?"

Maneno hayo yalimchoma Darius, maana alijua yaliyokatwa. Lakini alikuwa ameshazama, akabadilisha mazungumzo.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumatano moja Léocadie aliingia kibandani bila salamu. Kule kambini mzee Habarurema alikuwa na televisheni ya sola ndani ya hema, na Léocadie, akipita na bidoni la maji, alimwona humo muoka mikate wake, filamu nzima bila kukatwa.

"Ulikata filme?"

"Nilikata bunduki tu. Si ulisema..."

"Nilikuomba utafute, sikukuomba ukate! Ungeniambia: Léocadie, iko nzuri, lakini iko na bunduki. Ningechagua miye mwenyewe. Ule mwanaume hakuacha mama yake. Alirudi. Alimubeba ku mugongo, bakamupiga risasi ya mukono."

"Nilizania ninakulinda."

"Miye nilirudi, Darius. Bantu bote banashuka, miye napanda mulima kuchukua mama, sababu miguu yake ilikatala kutembea. Nilimubeba mupaka muji ya Sake. Filme ya kwanza yenye iko na mutu kama miye, weye ukakata palepale. Kisha ukaniambia bisi."

Akaweka kadi mezani, akatoka. Safari hii wanaume wa ukutani hawakucheka.

Siku kumi na moja simu ya Léocadie ililia bila kupokelewa. Darius akawa anawawekea wateja filamu asizozitazama, nao wakazirudisha wakinung'unika. Alijuta, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuwahi hata kumuuliza safari yake ilikuwaje. Siku ya kumi na mbili akafunga kibanda mchana kweupe, akavaa shati lake jeupe la kola, akapanda pikipiki hadi Kanyaruchinya.

Mlangoni mwa hema aliloelekezwa alikaa mama wa makamo, miguu imefunikwa blanketi.

"Karibu, mutoto. Ni weye wa bisi?"

Darius alitamani ardhi immeze. "Ni miye, mama. Nilikuya kuomba musamaha."

Léocadie alitokea nyuma ya hema, mikono ina povu la sabuni. Alimtazama kutoka kola hadi viatu vilivyoloa matope. "Umeleta nini?"

"Ile filme. Yote. Iko na bunduki mara tatu. Ukitaka tutazame, ukikatala nitarudi nayo."

Léocadie alijifuta mikono. "Simu nitashika miye."

Wakakaa watatu, mama yake Léocadie, Mama Séraphine, katikati. Milio ilipoanza, Léocadie alisimamisha picha, akatoka nje, akavuta pumzi. Darius alitaka kumfuata, akajizuia. Léocadie akarudi mwenyewe, akabonyeza. Muoka mikate akapita kati ya askari, mama yake mgongoni.

Mama Séraphine alitingisha kichwa huku machozi yakimtiririka. "Anamubeba mubaya. Weye ulinibeba muzuri kumupita."

Léocadie akalia, kilio kilichokuwa kinasubiri tangu Masisi, na mama yake akamkumbatia. Darius naye alilia, hakuona haya.

Filamu ilipokwisha, Darius akakohoa. "Léocadie, nataka kukuoa. Ng'ombe sina hata moja. Vita iko karibu, sijue mwezi ukuyao tutakuwa wapi, na ninaogopa. Sina kingine nafichaka."

Watoto walipita wakikimbizana na tairi.

"Baba mudogo Barthélemy anakuyaka siku ya Mungu, misa ikiisha," akasema Léocadie hatimaye. "Kuya na muzee wenu mwenye anajua kusema."

"Nitakuya na babili!"

"Moja anatosha," akasema Mama Séraphine. "Hema ni kadogo."

Léocadie akaweka simu chini, akamshika Darius mkono mbele ya mama yake.