Kishale Kilichotembea Chenyewe

Filamu ilikuwa imeyeyuka. Mwenye studio, jasho likimtiririka, alimweleza Inspekta kwamba kazi yake kubwa kuliko zote, filamu ya maisha ya mama yake, imefutwa kwenye kompyuta. Na jioni ileile ukumbi mzima ulikuwa unakuja kuitazama.

Inspekta akakagua mlango, kitasa, nondo za dirisha. Hakuna alama ya kuvunja.

"Nani mwingine anaifikia kompyuta hii?"

"Dada yangu tu. Lakini hajakanyaga hapa."

Alieleza kuwa walichoka kuhangaika na flashi, akaziunganisha kompyuta zao kwa programu moja nyepesi. Dada akiwa kwake, mtaa wa pili, anafungua mafaili ya hapa kama vile ameketi kwenye kiti hiki. Dada huyo ndiye aliyeandika maneno ya filamu.

"Una nakala nyingine?"

Alikuwa nayo, kwenye diski ya nje. Akaichomeka waihakikishe.

Kishale cha kipanya kwenye skrini kikasogea.

Hakuna aliyekuwa amegusa kipanya. Kilivuka taratibu, kikafungua diski, kikatua juu ya filamu. Inspekta akaruka, akachomoa waya wa intaneti kwa nguvu hadi meza ikayumba. Kishale kikaganda. Nakala ilikuwa salama.

"Twende!"

Walikimbia mtaa ule kama wanaofukuzwa. Inspekta alijikuta anatabasamu; hajawahi kumwona mhalifu akitenda kosa mbele ya macho yake bila kuwapo.

Dada alifungua kabla hawajabisha. Nyuma yake kompyuta ilikuwa bado inawaka mezani.

"Ulikuwa wewe?" Inspekta aliuliza.

"Nilikuwa mimi."

"Ungeifuta na ile nakala ya mwisho?"

"Bila kusita."

Mwenye studio, mdogo wake, akashikilia fremu ya mlango. "Dada, nimekukosea nini?"

"Sehemu ya mwisho. Mama yuko kitandani, hajitambui, ananiita mimi mama yake. Nilikusihi uikate. Ukaniambia hiyo ndiyo roho ya filamu. Fahamu zilipomrudia alinishika mkono. Akasema nisikubali watu wamwone vile."

"Mbona hukuniambia kwamba ni yeye aliyeomba?"

"Aliyasema mbele yako," dada alijibu. "Wewe ulikuwa unabadilisha betri ya kamera."